Kipimo cha Simiti ni Amana

Ndugu zetu Waislamu wa Bungoma,

Mto Nzoia upitao Webuye, hapa kwetu, ndio huo huo ushukao hadi Budalang'i, ambako daraja la Sigiri liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 kabla halijamalizika, likajeruhi wafanyakazi. Hatumhukumu mtu, twajiuliza nafsi zetu.

Kontrakta akubaliye kazi amechukua amana mbili: mali ya mwenye nyumba na roho za watakaokaa ndani yake. Haimtoshi kuweka fundi kisha akaenda zake. Ni juu yake kuhesabu nondo kabla hazijafunikwa na zege, na kuhakikisha zege lamwagiliwa maji siku 7. Kosa lililokwisha kufukiwa halionekani tena ila siku ya kuanguka. Na udhuru wa kusema, "Mimi sikuwapo," ndio ushahidi wa kosa lenyewe.

Twaisoma Suratul-Mutaffifiin tukidhani yamhusu muuza nafaka tu. La! Karai la simiti lililopunguzwa nalo ni kipimo kilichopunjwa. Mwenye nyumba haoni, lakini Mola aona.

Basi, enyi makontrakta, zisimamieni kazi zenu kabla hamjasimamishwa kwenye Hesabu. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.