Nani Atatufasiria Biblia?



Kijana mmoja wa kwaya alitujia sisi mashemasi, Biblia wazi mkononi. Akauliza: ikiwa katika Marko 7 Yesu alivitakasa vyakula vyote, kwa nini Kanisa linatukataza nyama ya nguruwe? Tukamjibu, «Wazee wamesema.» Tangu siku ile hatumwoni ibadani.

Tumewaza sana. Papa Simon Kimbangu alikuwa katekista wa misioni ya Wabatisti, mtu wa kusoma Biblia. Mwaka 1921, kule Nkamba, hakungoja wamisionari wamruhusu ndipo ahubiri. Basi sisi watoto wake tunamwogopaje mtu anayesoma?

Lakini towashi wa Matendo 8 naye alisoma peke yake garini, asielewe, mpaka Filipo akapanda akaketi karibu naye. Filipo hakumnyang'anya chuo (wengine wetu tungemnyang'anya!). Alianzia andiko lile lile.

Tungemfungulia kijana 1 Wakorintho 8, Paulo anapokubali kuacha nyama kwa ajili ya ndugu yake. Tungemwambia kwamba ndivyo tunavyolishika katazo letu: ni sheria ya nyumba, si mlango wa mbinguni. Pengine asingekubali. Juma hili tunakwenda kwao, tuketi naye.