Mlevi Anayetaka Kuacha Pombe: Aende Peke Yake au na Wenzake?

Mtu aliyeshikwa na pombe, siku anapokusudia kuiacha, hukutana na swali ambalo hakulijali alipokuwa akinywa: amwambie nani? Wengi hukata shauri wasimwambie mtu. Jambo hili, husema, ni la moyo wangu na Mungu wangu. Neno hilo lina sura ya imani, lakini yafaa lipimwe, kwa maana mara nyingi nyuma yake imejificha haya ya mtu aogopaye kuonekana.

Achukuliwe kwa mfano mkatekumeni mmoja, mfyatua matofali, mwenye mke na watoto watatu. Kila Jumamosi apatapo malipo, lutuku humla nusu ya fedha. Ajua kwamba padri aweza kuahirisha Ubatizo wake, kwa hiyo anajificha. Mkristu aliyebatizwa akianguka anayo Sakramenti ya Kitubio. Yeye bado hana. Amebakiwa na sala na nia, na nia yenyewe imevunjika Jumamosi nne mfululizo. Je, akitafuta watu wa kumsaidia, amemwonea Mungu mashaka?

Injili ya Marko yasimulia habari za mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne. Walipoona mlango umezibwa na watu, walitoboa dari wakamteremsha pamoja na kitanda chake. Wale wanne hawakumponya. Aliyemponya ni Yezu. Lakini bila mabega yao angalilala nyumbani mpaka leo. Tena Mwinjili aeleza kwamba Bwana aliangalia imani yao, wale wachukuzi pamoja, wala hakuwakaripia kwa sababu walimwingiza mgonjwa kwa njia isiyo ya kawaida. Neema ya Mungu hupenda kupita katika mikono ya watu.

Watakuwapo wa kupinga wakimtaja Mtumishi wa Mungu Matt Talbot wa Dublin, mfanyakazi maskini aliyekuwa mlevi tangu utoto, akaacha pombe mwaka 1884 akiwa na miaka 28, asiionje tena mpaka alipokufa mwaka 1925. Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa mwaka 1975. Wasema kwamba huyo alishinda kwa sala peke yake. Si hivyo kabisa. Siku ile ya kwanza alikwenda kuweka ahadi mbele ya padri, na ahadi yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu tu, si ya maisha. Baadaye aliingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Tena alijizoeza kutembea bila fedha mfukoni, ili miguu ikimpeleka kilabuni asiwe na cha kununulia. Huyo hakuutegemea moyo wake kupita kiasi.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha kwa miezi michache, alijikuta peke yake hotelini, mbali na kwao, na kazi iliyompeleka imeharibika. Kelele za mahali pa kunywea zilimvuta. Akapiga simu kwa wachungaji wa mji, si ili wamhubirie, bali wamwonyeshe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyofikishwa kwa daktari Robert Smith, na kutoka kwa wawili hao kikatokea chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Chama hicho si cha dini moja, hakitozi ada, na sharti lake ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Mwaka 1939 mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, aliwafungulia walevi milango ya hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo.

Vikundi hivyo havifiki kila kijiji. Basi mfyatua matofali atafute wapi? Asiende kwenye likelemba ambako kibuyu huzunguka baada ya hesabu, hata kama wanachama ni watu wema. Asiende kwa anayeahidi kuondoa pombe kwa usiku mmoja kwa malipo ya mbuzi. Atafute mahali ambapo maneno hayatoki nje, na ambapo yupo angalau mmoja aliyekwisha kuacha, kwa kuwa huyo hadanganyiki: ajua kila hila ya mlevi. Mkutano wa kwanza ukimchoma kwa masengenyo, auache, ajaribu mwingine, pengine katika Lejio ya Maria, pengine kwa wazee watatu wa shirika lake. Na watatu wanatosha. Kuahidi mbele ya watu hamsini ni rahisi kuliko kujibu mbele ya watatu.

Jambo moja la mwili lisisahauliwe. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikate ghafula bila msaada: hutetemeka, hutoka jasho, aweza kupatwa na degedege, hata kufa. Amwone kwanza muuguzi.

Na kama hakuna kikundi chochote, amtafute mwenzake mmoja mwenye shida ile ile, wapatane kukutana jioni ya Jumamosi, saa ile ile ya malipo, na fedha ziwe zimekwisha kukabidhiwa mkewe.