Lesoni ya 8: Mungu Aliyeziumba Figo

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 139:13–16, Yer. 17:9, 10, 1 Thes. 5:21, Zab. 32:1–5, 1 Kor. 6:19, 20, Yn. 9:1–3, Ebr. 2:14–17, Ayu. 19:25–27.

Fungu la Kukariri: Zaburi 139:14. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, mpaka uweze kulisema bila kuangalia.

Waebrania walikuwa na neno moja, kelayot, lililotaja figo za mnyama zilizoteketezwa juu ya madhabahu (Law. 3:4). Neno hilo hilo walilitumia kutaja sehemu ya ndani kabisa ya mtu, mahali anapofikiri na kutamani bila mwingine kujua. Msomaji wa Kiswahili halioni kwa urahisi, kwa sababu Biblia yetu ya Union huliandika mara "figo," mara "viuno," na mara "mtima." Lakini Daudi anapomshukuru Mungu aliyemuumba tumboni mwa mama yake (Zab. 139:13), kiungo anachokitaja katika Kiebrania ni figo zake.

Juma hili tutaviangalia viungo hivi viwili vidogo na njia ya mkojo inayotoka kwavyo. Tutajifunza jinsi vinavyofanya kazi, na vinavyotufundisha juu ya Mungu aonaye sirini.

JUMAPILI
Mahali pa Siri

Soma Zaburi 139:13–16. Ni mambo gani ambayo Mungu aliyaona kabla ya mtu mwingine yeyote kuyaona?

Figo ziko nyuma ya matumbo, kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Zimefunikwa kwa mafuta kana kwamba mtu amezihifadhi zisiumie. Kila moja ina ukubwa wa ngumi. Figo ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto, kwa kuwa juu yake kuna ini.

Kutoka kwa kila figo hushuka mrija mwembamba wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa misuli unaotanuka, na kwa mtu mzima huweza kubeba takriban nusu lita. Kutoka hapo mkojo hutoka nje kwa mrija mwingine. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa takriban sentimita 4 tu, nao kwa mwanamume hufika takriban sentimita 20. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya wanawake wapate maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi. Wala si jambo la kuonea aibu.

Sasa soma Yeremia 17:9, 10. Mungu anasema kwamba huuchunguza moyo na kuzijaribu figo. Kiungo kilichofichwa zaidi machoni pa watu ndicho anachokitaja kama mahali pa uchunguzi wake. Je, ukweli huu unakuogopesha au unakufariji? Kwa nini?

JUMATATU
Jaribuni Yote

Soma 1 Wathesalonike 5:21. Je, ni hatua gani mbili ambazo Paulo anatuagiza kuzichukua?

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno viitwavyo nefroni, takriban milioni moja. Moyo hupeleka kwenye figo takriban moja ya tano ya damu yote inayoisukuma, yaani kama lita moja kila dakika. Kwa siku moja figo huchuja takriban lita 180 za maji kutoka katika damu. Lakini mkojo tunaoutoa ni lita moja au mbili tu. Je, nyingine huenda wapi?

Hapa ndipo hekima ya Muumba inapoonekana. Nefroni haichagui uchafu peke yake na kuutupa. Kwanza huachilia karibu kila kitu kidogo kipite: maji, chumvi, sukari na taka. Chembe za damu na protini kubwa hubaki katika damu. Kisha, katika mrija mrefu uliopindapinda, mwili huchukua tena kile unachokihitaji. Sukari hurudishwa yote kwa mtu mwenye afya, na maji hurudishwa karibu yote. Kilichoachwa ndicho huenda kibofuni.

Paulo naye hakuwaambia Wathesalonike wakatae kila kitu kwa hofu, wala wapokee kila kitu kwa urahisi. Kila kitu kipimwe, kisha kilicho chema kishikwe kwa nguvu. Leo tunapokea mahubiri, habari na picha nyingi kwenye simu zetu kuliko kizazi chochote kilichotutangulia. Ni kipi ulichokipokea juma hili ambacho hukukipitisha kwanza katika chujio la Neno la Mungu?

JUMANNE
Kilichobaki Ndani

Soma Zaburi 32:1–5. Daudi aliponyamaza juu ya dhambi yake, mwili wake ulipatwa na nini? Nini kilibadilika alipoungama?

Figo zikishindwa kazi, mtu haathiriwi na kitu kigeni kilichotoka mbali. Hulemewa na kile kile ambacho mwili wake hutengeneza kila siku: taka ya chakula chake mwenyewe, chumvi na maji yasiyotoka. Miguu huvimba, pumzi hupungua, akili huchoka. Kisichotolewa hugeuka kuwa sumu.

Tena ugonjwa huu huja kimya kimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake na bado akalima, akafanya biashara na kuimba kwaya. Hasikii maumivu. Kipimo cha mkojo na cha damu ndicho kinachosema kweli.

Dhambi iliyofichwa hufanya vivyo hivyo. Daudi aliendelea kukaa katika kiti chake cha enzi huku ndani akinyauka kama nchi wakati wa kiangazi. Hakuhitaji kujitahidi zaidi ili aonekane mzima. Alihitaji kufungua kinywa chake mbele za Mungu. Je, kuna jambo ambalo umelibeba kwa muda mrefu kwa sababu halijaanza kuuma?

JUMATANO
Hekalu na Jirani

Soma 1 Wakorintho 6:19, 20 na Yohana 9:1–3. Mafungu haya mawili yanasawazishaje fikra zetu juu ya ugonjwa?

Kisukari na shinikizo la juu la damu ndivyo visababishi vikuu vya figo kushindwa kazi. Kwa hiyo kumtukuza Mungu katika mwili kuna mambo ya kawaida kabisa: kunywa maji safi ya kutosha, hasa siku za jua kali; kupunguza chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku; kutembea; na kupima shinikizo la damu na sukari hata ukijisikia vizuri. Usimeze dawa za kutuliza maumivu kila siku bila ushauri wa daktari, kwani baadhi yake huziumiza figo.

Hata hivyo, tusigeuze kanuni za afya kuwa fimbo. Wengine huzaliwa na tatizo, na wengine huumwa ingawa waliishi kwa kiasi. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alikataa swali hilo, akamhudumia mtu. Ndugu anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda hospitali mara tatu kwa juma, kama saa nne kila mara. Anahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, na kanisa lisilomuuliza alikula nini.

ALHAMISI
Kama Ndugu Zake

Soma Waebrania 2:14–17. Kwa nini ilimpasa Kristo afananishwe na ndugu zake katika mambo yote?

Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Marekani, Daktari Joseph Murray na wenzake waliitoa figo ya Ronald Herrick na kuipandikiza kwa ndugu yake Richard, aliyekuwa akifa. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Mpaka wakati huo, mwili wa mgonjwa uliikataa figo ya mtu mwingine kama kitu kigeni. Lakini Ronald na Richard walikuwa mapacha wa kufanana, na mwili wa Richard uliipokea figo ile kama yake mwenyewe. Aliishi miaka minane zaidi.

Mwana wa Mungu alitwaa damu na nyama yetu. Hakutusaidia kutoka mbali kama mgeni. Alikuja karibu kiasi cha kuitwa ndugu. Ila tofauti ni kubwa. Ronald alitoa figo moja akabaki na nyingine, naye akaishi hadi mwaka 2010. Kristo alitoa uhai wake wote. Na uzima anaotupa hauishi baada ya miaka minane.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Ayubu 16:13, kisha 19:25–27. Katika maumivu yake Ayubu alilia kwamba figo zake zimepasuliwa. Sura tatu baadaye anasema kwamba atamwona Mkombozi wake, na kiungo kinachozimia kwa shauku ndani yake, katika Kiebrania, ni figo zile zile. Uponyaji ulikuwa haujaja bado. Mahali palipouma ndipo palipotoka tumaini.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, jadilini tofauti kati ya kumshauri mtu juu ya afya na kumhukumu. Maneno gani huvuka mpaka huo?

2. Mshiriki mmoja anasema ameacha dawa ya shinikizo la damu kwa sababu ameombewa. Mtamjibu nini kwa upole, na kwa mafungu gani?

3. Je, kanisa lenu lina mgonjwa anayehitaji kusindikizwa hospitali? Amueni leo nani ataenda naye juma lijalo.