Kuzuru na Kutazama

Siku moja niliuacha msongamano wa Darajani nikaelekea Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ili nikauone msikiti wa kale ambao maandishi ya Kikufi ya mihrabu yake yanautaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladi. Niliingia na daftari. Nilikuwa ningali ninanakili tarehe, mzee mmoja wa pale aliponiuliza kwa upole: "Mwanangu, umekuja kuzuru ama kutazama?"

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, lakini sikuwa na jibu.

Lugha yetu haiyafanyi maneno hayo kuwa mamoja. Atazamaye hutumia macho, naye aweza kuondoka kama alivyokuja. Azuruye huenda na kitu: dua, ubani, japo nia. Wako watakaosema kwamba kutafuta elimu nako ni ziara. Nakubali, kwa kiasi. Aliyechonga tarehe katika jiwe hakuichonga ila ipate kusomwa; na waliuojenga upya msikiti huo katika karne ya 18 waliyahifadhi maandishi yale. Lakini wao waliswali mbele yake.

Huko Japani, katika kisiwa cha Shikoku, yako mahekalu 88 ya dini ya Buddha, na njia ya kuyazunguka yapata kilomita 1,200. Wako wanaokwenda kwa miguu, wamevaa nguo nyeupe. Wengi siku hizi hupanda mabasi, wala sioni kuwa basi peke yake humfanya mtu mtazamaji. Msafiri huchukua kitabu chake, na kila hekalu humgongea mhuri humo. Kumbe daftari si kosa! Ila mhuri ule asili yake ni stakabadhi: msafiri aliyanakili maandiko ya dini yake kwa mkono wake, akayatoa hekaluni, ndipo akapewa alama kwamba yamepokewa. Alitoa kwanza, kisha akachukua.

Mimi Kizimkazi nilichukua mwaka 500 nisiache kitu. Adhana ya adhuhuri iliponikuta nilifunga daftari, nikatawadha, nikaingia safuni. Hata leo sijui kama ile ilikuwa ziara, au ni haya tu mbele ya mzee yule.