Ujira wa Makarani wa Wabunge

Twapenda kuzungumza na ndugu zetu juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la serikali peke yake, nalo kwa hakika limo ndani ya dini: ujira wa watu wanaolitumikia Bunge majimboni.

Kila atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na miji hiyo yote imo katika Makueni. Jirani yake ni Kitui, nchi ambayo katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikitoka huko kuteremsha pembe hadi kwetu pwani. Kaunti hizi mbili zina majimbo 14 ya Bunge, 8 Kitui na 6 Makueni, na mbunge wa jimbo huwa na afisi yake huko, penye karani na wasaidizi wake. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka 2022, mwenye shida alikuwa haendi Nairobi. Alikuwa akigonga mlango wa afisi hiyo, na wa kumpokea ni karani.

Mshahara wa karani huyu hutoka katika fungu la Bunge, yaani katika kodi yetu sote. Lakini kuajiriwa kwake ni kwa hiari ya mbunge, na mkataba wake hufungamana na muhula wa mbunge. Bwana akishindwa katika kura, mtumishi naye hukosa kazi siku hizo hizo. Hapo ndipo penye khatari. Mtu ambaye riziki yake imo mkononi mwa mtu mmoja huona haya kudai, na akipunjwa hunyamaza. Basi ujira, ambao ni haki, hugeuka ukawa kama hisani ya mheshimiwa.

Mafakihi wa madhehebu yetu ya Kishafi wameueleza mlango wa ijara kwa uwazi. Kazi ijulikane, na ujira ujulikane, kabla ya mtu kushika kazi. Maneno ya "wewe anza tu, tutaonana mbele" hayafanyi mkataba ulio sahihi. Na kazi ikisha kufanywa katika mkataba mbovu kama huo, haisemwi kuwa aliyeifanya hana chake. Hupewa ujira wa mfano, yaani kile ambacho watu hulipwa kwa kazi kama ile. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 41, imempa kila mfanyakazi haki ya kulipwa ujira wa haki. Sharia na katiba hapa hazigombani.

Tena wasomaji wakumbuke khabari ya Sayyidna Abu Bakr (R.A.). Alipokwisha kupewa ukhalifa alitoka na nguo zake kwenda sokoni kuuza kama desturi yake, mpaka akazuiliwa, na Masahaba wakamkadiria posho kutoka Baitul-Mal. Twataka msomaji ayatazame mambo mawili hapa: kuwa anayewatumikia watu hulishwa na mali ya watu, na kuwa kipimo kilitiwa na wengine, si yeye. Sasa tutazame ya kwetu. Mwaka 2013 Tume ya Mishahara ilipopunguza mishahara ya wabunge kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi kiasi cha 532,000, kulikuwa na vishindo Bungeni, na mwezi wa Mei waandamanaji walipeleka nguruwe milangoni mwake kuwakejeli kwa ulafi (na hapa hatusifu kuchezea najisi). Mwaka 2024 vijana waliingia Bungeni tarehe 25 Juni, na mwezi uliofuata nyongeza ya wakubwa ikasimamishwa. Katika kelele zote hizo, za kudai na za kupinga, ni nani tuliyemsikia akimtaja karani wa Mutomo au mfagiaji wa afisi ya Wote?

Wala asidhani mtu kuwa dhulma hii humwishia karani. Mwenye njaa akiwekwa mlangoni pa wenye shida, si ajabu akaanza kuomba "chai" ndipo akufungulie faili. Twamlaumu, na kulaumiwa astahiki, maana rushwa ni haramu kwa mwenye njaa na kwa aliyeshiba. Lakini aliyemnyima ujira wake naye ana fungu katika dhambi ile.

Na sisi je? Walimu wetu wa vyuo na waadhini wetu, wangapi waliandikiwa ujira unaojulikana? Huambiwa "thawabu yako kwa Mungu", na anayewaambia hayo hakubali kupokea kodi ya nyumba zake kwa thawabu. Kamati ya msikiti isiyoandikiana na mwadhini wake haina ulimi wa kumsema mbunge wa Kitui, wala wa Mvita.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo kila karani na awe na karatasi yake mkononi, iliyotiwa saini, yenye kazi, ujira na tarehe. Na yaliyobaki juu ya mwajiri ni deni, hayaanguki kwa kushindwa kura. Na wanakamati wetu wasingoje 2027. Waanze Ijumaa hii, kwa mwadhini.