Fumbo na Mwenyewe: Maadili ya Kusikiliza Kanda za Taarab

Makala haya yanashughulikia swali ambalo wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kulipita: je, msikilizaji wa wimbo wa taarab ana haki ya kufumbua fumbo ambalo halikufumbwa kwa ajili yake? Swali hili halizuki ukumbini, kwani huko mwenye kusema na mwenye kusemwa wote wapo na kila mmoja anajua alipokaa. Huzuka barazani, miaka mingi baadaye, pale watu wanapokutana na kanda. Katika mitaa ya Likoni, Timbwani ikiwamo, kama ilivyo Kisauni na Mji wa Kale, kuazimana kanda za taarab ya zamani na kuzijadili ni ada ya muda mrefu. Siku hizi nyimbo hupita kwa simu zaidi kuliko kwa kanda, ila mjadala haukubadilika.

Mjadala huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ladha. Juma Bhalo alichukua mahadhi mengi kutoka filamu za Kihindi, akayaimba kwa harmonia. Zein l'Abdin alishikamana na udi na mahadhi ya Lamu na ya Kiarabu. Mpenzi wa Zein atadai kuwa Bhalo alivaa nguo ya kuazima. Mpenzi wa Bhalo atajibu kuwa maneno ni ya Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), na kwamba Mvita yenyewe ni mji wa kuazima na kuazimwa tangu ulipokuwa mji. Akitokea wa tatu akataja tashkota ya kikundi cha Maulidi Juma, au jinsi Zuhura Swaleh alivyoipeleka taarab karibu na chakacha, usiku huwa mfupi. Mabishano haya hayamdhuru mtu. Twathubutu kusema kuwa watu ambao hawajafungua kitabu kimoja cha uhakiki hutenganisha humo sauti, mizani, lahaja na mahadhi kwa usahihi ambao baadhi ya wanafunzi wetu hawajaufikia.

Sehemu ya pili huanza kwa sauti ya chini: “Wimbo huu aliimbiwa nani?” Hapo ndipo penye tatizo.

Wimbo wa taarab ya Mombasa mara nyingi huwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Yuko mwenye kisa, ambaye huenda kwa malenga na jambo lililomkaa moyoni. Yuko malenga, ambaye hulivika jambo hilo ua, ndege, chombo au tunda. Yuko mwimbaji, anayelibeba hadi kwa watu. Katika ushirikiano huu fumbo hufanya kazi ya mkataba. Mlalamikaji hupata kusema, na mlalamikiwa hupata kusikia bila kufedheheka, kwa kuwa ameachiwa nafasi ya kujifanya hakusikia. Fumbo, kwa hiyo, si pambo la fani tu kama tunavyolifundisha darasani, ni adabu. Hukumu hutolewa, lakini jina halitajwi, na kwa sababu halikutajwa watu wawili hao waweza kesho kupikia harusi moja.

Jambo hili hutatanishwa na ada ya kutunza. Mwanamke huinuka ubeti ufikapo pale anapopataka, akatembea taratibu hadi kwa mwimbaji na pesa mkononi, huku mkono au jicho likielekea upande fulani wa ukumbi. Kwa kitendo hicho wimbo uliotungwa kwa kisa cha mwengine umekuwa wake, na una mlengwa mpya. Usiku wa pili, kwenye harusi nyingine, utapata mlengwa wa tatu. Tunapouliza “aliimbiwa nani” tunachukulia kuwa mlengwa ni sehemu ya matini, ilhali ukumbi wenyewe unatuonyesha kuwa mlengwa ni sehemu ya utendaji, na huondoka na utendaji.

Kinasa sauti ndicho kilichotutia mashakani. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika tatu, na wimbo wa ukumbini ulilazimika kukatwa ili uingie. Kanda za kaseti, ambazo maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service yalizisambaza, zilitoa nusu saa au dakika arubaini na tano kila upande, hivyo beti zote zikaingia, pamoja na vigelegele. Walter Benjamin, katika insha yake ya 1936, alihofia kuwa unakilishaji huiondolea kazi ya sanaa haiba ya kuwepo mahali pake pamoja. Kwa taarab hofu hiyo haitoshi. Kinachoondoka si haiba tu. Huondoka pia yule aliyekuwa na haki ya kujifanya hakusikia. Kanda imebaki na shtaka, mshtakiwa hayupo, na barazani pamejaa mahakimu.

Wapo watakaotukumbusha kuwa Roland Barthes alikwisha kumzika mwandishi, na kwamba msikilizaji yu huru na matini. Lakini Barthes alimwachia msomaji huru maana, hakumwachia majirani wa watu. Wapo pia wanamuktadha watakaosema kuwa bila mlengwa wimbo haueleweki. Kwetu sisi dai hili lina nguvu zaidi, ila linahitaji ushahidi, na ushahidi wa barazani ni mdomo wa fulani aliyesikia kwa fulani. Bhalo alifariki mwaka 2014 na Zein mwaka 2016. Wao hawawezi tena kuulizwa. Jina linalotajwa leo huenda ni la mtu ambaye wimbo haukumhusu kabisa, na wajukuu wake wanapita mtaani humo humo kila siku kuelekea feri.

Hadi hapa hoja yetu yaelekea kwenye kunyamaza. Kijiti, wimbo maarufu wa Siti, unatuzuia. Wimbo huo watokana na kisa cha kweli cha Unguja: mtu alimuua mwanamke mgeni akatorokea bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Humo jina halikufichwa. Limetajwa makusudi, kwa kuwa mahakama ilikuwa imeshindwa kulishika, na santuri ikalipeleka kusikoweza kufika hukumu. Msikilizaji anayenyamaza mbele ya Kijiti kwa kisingizio cha adabu amejiunga na mahakama ile.

Tofauti, basi, ni ya nani anayehifadhiwa na ukimya. Ukimya ukimhifadhi mnyonge, au ukihifadhi suluhu baina ya watu walio sawa, ni wajibu. Ukimhifadhi mwenye nguvu, fumbo limekwisha kugeuzwa maficho. Hatudai kuwa mpaka huu ni rahisi kuuona. Mambo ya nyumbani hasa hutushinda: wimbo wa mke anayemlalamikia mume kwa mfano wa nahodha na chombo waweza kuwa ugomvi mdogo, na waweza kuwa ni kipigo ambacho hakuna aliyethubutu kukitaja kwa jina lake. Matini peke yake haitwambii.

Sheria haisaidii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 yamtambua mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi, aliyeimbiwa haijui. Wala si jambo la barazani peke yake, kwani idara zetu nazo hukusanya kanda hizi na kuzihamishia kwenye kompyuta, na kila fomu ya uorodheshaji ina nafasi ya “maelezo ya muktadha”. Mtafiti akijaza humo jina alilosikia Timbwani, uvumi umepata muhuri wa chuo. Pendekezo letu ni kuwa jina liandikwe pale tu wimbo wenyewe unapolitaja, au mwenye kisa anapolitoa kwa hiari yake. Mengine yaandikwe kama kisa, bila mtu. Tunajua kuwa kwa kanuni hii baadhi ya nyimbo za wanawake waliodhulumiwa zitabaki bila jina la dhalimu. Hilo hatujalipatia jawabu, na tungependa kusikia kwa wanaofanya utafiti huo Kisauni na Lamu wanavyolitenda.