Mkono Juu ya Mshipa

Tangu mwaka 1953, tabibu wa Uswidi Sven-Ivar Seldinger alipobainisha njia ya kuuingia mshipa kwa sindano, kisha waya, kisha mrija unaoufuata waya ule, matabibu wamepata mlango mwepesi zaidi wa kuufikia moyo pasipo kukipasua kifua. Na mlango huo, ambao mara nyingi umekuwa ateri ya kinenani, hauna budi kufungwa kazi iishapo. Kwa miaka mingi uliofunga ni mkono mtupu: muuguzi akipabonyeza palipotobolewa kwa robo saa au dakika 20, na mgonjwa akilala chali saa kadhaa bila ya kuukunja mguu. Siku hizi viko vifaa vya kuziba. Vingine hushona, vingine hubana kwa kibanio cha madini, na kimoja mashuhuri huacha nanga ndogo ndani ya mshipa na kizibo cha kolajeni ya ng'ombe nje yake, ambavyo huyeyuka mwilini kwa muda wa miezi mitatu hivi.

Faqihi atauliza ng'ombe yule alichinjwaje, na jawabu la dharura analo tayari. Zito zaidi ni swali la mkono ule uliokuwa ukibonyeza, ambalo mtu wa Lubumbashi hawezi kulikwepa, kwani katika mji huu, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, ndimo kilimochapishwa mwaka 1945 kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu, kilichodai kwamba kuwapo ni kuwa na nguvu, nayo nguvu huzidi au hupungua kwa jinsi viumbe vinavyoathiriana. Wengi wamemkosoa, na kwa haki, kwamba aliwasemea watu wenye vinywa vyao. Lakini Jamaa, ushirika uliochipuka kwa mafundisho yake huko Kolwezi katika miaka ya 1950, uliyatia mambo hayo katika Kiswahili cha wafanyakazi wa migodi na wake zao, kwa maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo, na uzima huo si akiba ya mtu peke yake, bali hukua kwa kukutana na mwenziwe.

Je, mkono ule uliobonyeza ulikuwa ukitia uzima, au ukizuia damu tu? Wapenzi wa zamani watasema kwamba kifaa kimemnyang'anya mgonjwa mtu wa kumshika. Siafikiani nao. Kwanza, si mkono wala kizibo kiponyacho. Damu hujigandisha yenyewe, na vyote viwili huisaidia tu. Pili, muuguzi yule hakukaa kwa hiari: ateri ilimfunga pale kama mbuzi kambani, na pengine akiwaza vitanda vingine vinavyomngoja. Ukaribu wa kulazimishwa si mapendo, ijapokuwa mapendo yaweza kuzaliwa humo, kwa mazungumzo ya dakika 20 ambayo hakuna aliyeyakusudia. Kifaa kimeikata kamba. Akibaki sasa karibu na mgonjwa, amebaki kwa kutaka. Akiondoka, hatuwezi tena kumsifu kwa subira iliyokuwa ya ateri. Wala dakika zilizookolewa si mali ya sanduku la hospitali, ingawa huko ndiko ziendako mara nyingi, bali ni haki ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hata hivyo mabishano haya yote yanamhusu aliyekwisha kutobolewa. Mkazi wa jimbo hili la Haut-Katanga mwenye mali, akiugua moyo, huweza kupanda ndege kwenda Afrika Kusini au Uhindi. Jirani yake asiye na nauli, mwenye maradhi yale yale, mara nyingi hatobolewi mshipa kabisa, hana kitu cha kuzibiwa, wala mkono wala kolajeni. Na mtu wa Jamaa akiulizwa ni nani aliyepaswa kukutana na huyo, hataweza kujibu kwa kumtaja muuguzi peke yake.